Kioo cha Pate: Ushairi wa Kisiwa na Yale Usiyoyaonyesha

Makala haya yanahusu tenzi tatu zilizotungwa katika kisiwa kimoja kidogo, kisiwa cha Pate, kilichoko karibu na Lamu katika pwani ya kaskazini ya Kenya. Tenzi hizo ni Utenzi wa Tambuka wa Bwana Mwengo wa Athumani, Al-Inkishafi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, na Utenzi wa Mwana Kupona, ambao umechukua jina la mwanamke aliyeutunga. Watunzi wote watatu walikuwa Waislamu. Waliwaandikia Waislamu wenzao kwa herufi za Kiarabu, na kwa lahaja za kaskazini ambazo msomaji aliyefundishwa Kiswahili sanifu huzisoma kwa taabu, kama mtu apitaye njia ya mawe akiwa hana viatu.

Wanafunzi wa theolojia huuliza, tena wana haki kuuliza, kwa nini mchungaji mtarajiwa atumie saa zake kwa maandiko ya namna hii wakati Kiebrania na Kiyunani bado vinamlemea. Jibu moja ni la kihistoria. Maandiko haya yametufikia, kwa sehemu, kupitia mikono ya wachungaji na wamisionari. C. G. Büttner, aliyekuwa mmisionari kabla ya kuwa mwalimu wa lugha, alichapisha mkusanyo wa maandiko ya Kiswahili huko Berlin mwaka 1894. Kasisi W. E. Taylor wa misheni ya Kianglikana ya Mombasa alitoa tafsiri ya Al-Inkishafi iliyochapwa mwaka 1915 ndani ya kitabu cha Stigand juu ya lahaja za Kiswahili. Ernst Dammann, mchungaji wa Kijerumani, alikusanya tungo za Lamu katika miaka ya 1930 na kuzitoa Hamburg mwaka 1940. Nyuma ya Wazungu kadhaa wa kizazi hicho ulikuwapo mkono wa mtu mmoja, Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, mnakili mwenye hati nzuri ambaye bila yeye wasomi hao wangalikuwa na karatasi chache sana za kuzisifu.

Jibu la pili lanihusu zaidi. Tenzi hizi hutumiwa kwa haraka. Mwanahistoria huchuma humo majina na magofu, akaondoka. Mhubiri naye huchuma ubeti mmoja juu ya ubatili wa dunia, akaupachika katika mahubiri ya mazishi, akaondoka. Wote wawili husema kwamba ushairi ni kioo cha historia na utamaduni wa kisiwa, na kauli hiyo si ya uongo. Lakini kioo hutundikwa ukutani na mtu fulani, katika chumba fulani, nacho huonyesha kile kilicho mbele yake. Kilicho nyuma yake, na kilicho chumba cha pili, hakikionyeshi. Ni kwa njia hiyo napenda kuzisoma tenzi za Pate: kutazama yanayoonekana humo, na kuuliza juu ya yasiyoonekana.

Kisiwa na misalaba iliyokifikia

Kisiwa cha Pate kina miji mitatu mashuhuri, Pate yenyewe, Siyu na Faza, pamoja na magofu ya Shanga ambako wachimbaji wa mambo ya kale katika miaka ya 1980 walikuta mabaki ya misikiti iliyojengwa juu ya mingine, wa chini kabisa ukiwa wa karne ya 8. Mlango wa bahari wa mji wa Pate ni wa maji mafupi. Chombo huingia maji yakijaa na hungoja yakipwa. Hata hivyo mji huo ulitajirika kwa biashara ya bahari ya Hindi, na wageni wa Kireno waliandika juu ya vitambaa vya hariri vilivyofumwa huko. Nyumba za wakubwa zilijengwa kwa matumbawe na chokaa, dari zikabebwa na boriti za mikoko, na kuta za ndani zikachorwa safu za vidaka ambamo viliwekwa vyombo vya kauri kutoka Uchina.

Lakini msomaji Mkristo hana budi kujua pia ni kwa sura gani jina la Kristo lilifika kisiwani. Mwaka 1587 Wareno waliivamia Faza, wakamwua mtawala wake pamoja na watu wengi, wakakata minazi. Mwaka 1678 mwakilishi wa mfalme wa Ureno alikuja mwenyewe kutoka Goa, akaiteka Pate, na watawala wa miji ya jirani wakauawa. Kati ya matukio hayo mawili lilikuwapo jingine ambalo ushahidi wake ungali umechongwa katika jiwe. Pale penye lango la Ngome ya Yesu, Mombasa, Francisco de Seixas de Cabreira aliandika mwaka 1639 sifa zake mwenyewe, na miongoni mwa hizo ni kwamba aliziadhibu Pate na Siyu hata kuta zao zikabomolewa. Jiwe hilo hilo latujulisha kwamba mtu huyo alikuwa amepewa vazi la Shirika la Kristo. Sisi tumezoea kuhesabu historia ya Ukristo katika Afrika ya Mashariki tangu Krapf na Rebmann. Watu wa Pate hawakuanza kuhesabu hapo.

Utenzi wa Tambuka

Nakala ya kale ya Utenzi wa Tambuka ina tarehe ya mwaka 1141 wa Hijra, yaani mwaka 1728 hivi. Yasemekana Bwana Mwengo aliutunga kwa agizo la mtawala wa Pate. Habari zake ni vita vya Waislamu wa kwanza dhidi ya Herakli, mfalme Mkristo wa Rumi ya mashariki. Ni utenzi mrefu, wenye beti zaidi ya 1,000, nao una majeshi, barua za wafalme, mashujaa na wito wa kuiacha dini ya msalaba.

Mtu akiusoma haraka atasema: hapa kisiwa kinajibu. Watu waliobomolewa kuta na Wareno wanatunga utenzi wa kuwashinda Warumi. Herakli ni jina tu, Mreno ndiye anayelengwa. Maelezo hayo yanavutia, na kwa sehemu naamini ni ya kweli. Tatizo ni mwaka wenyewe. Mwaka 1728 Wareno hawakuwa maadui wa Pate waliokuwa mbali wakisubiriwa. Walikuja kwa mwaliko. Waarabu wa Omani walikuwa wameitwaa Ngome ya Yesu mwaka 1698, nao wakawa mzigo kwa miji ya pwani. Ndipo mtawala wa Pate alipotafuta msaada Goa, na mwanzoni mwa 1728 merikebu za Kireno zikafika, Waomani wakaondolewa, na Mombasa ikarudi kwa Wareno kwa muda mfupi. Mwaka uliofuata ushirika huo ulikuwa umevunjika na Wareno wakafukuzwa.

Basi katika mwaka ule ule, au katika miezi iliyoukaribia sana, mji mmoja ulifanya mapatano na Wakristo dhidi ya Waislamu, na mji huo huo ukapata utenzi mkubwa wa Waislamu wakiwapiga Wakristo. Sijui njia ya kuyaweka mambo haya mawili pamoja bila kukiri kwamba ushairi wa kisiwa haufuati siasa ya kisiwa kama kivuli kinavyomfuata mtu. Utenzi waweza kusema kile ambacho mapatano yamekikana. Unaweza kuwa sauti ya waliochukizwa na mwaliko ule. Unaweza pia kuwa haya ya mtawala mwenyewe, anayetaka kukumbukwa kama mtu wa upande wa mashujaa. Mtu ambaye angekuwa na Tambuka peke yake, pasipo barua za Goa, angeandika historia ya Pate kinyume na ilivyokuwa. Naye ambaye angekuwa na barua za Goa peke yake asingejua kamwe ni nini kilichokuwa moyoni mwa watu waliotia sahihi.

Kwa upande wa sanaa, nitasema wazi kwamba Tambuka hainigusi kama tenzi nyingine mbili. Ni kazi ya nguvu, lakini mashujaa wake wanafanana mno, na baada ya beti mia kadhaa msomaji huanza kuhesabu maiti badala ya kuwaomboleza.

Al-Inkishafi

Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliishi, kwa makadirio ya wasomi, kati ya mwaka 1720 na 1820 hivi. Alikuwa wa ukoo wa masharifu waliotokana na Sheikh Abu Bakr bin Salim wa Hadhramaut, ukoo uliokuwa na heshima kubwa katika Pate. Katika maisha yake Pate ilitoka katika utajiri ikaingia katika unyonge: magomvi ya watawala, biashara kuhamia kwingine, na hatimaye, katika mwaka 1812 au 1813, kushindwa kwa Pate na wenzao wa Mombasa katika vita vya Shela, mbele ya watu wa Lamu ambao zamani Pate iliwaona kuwa wadogo zake.

Al-Inkishafi una beti chini ya 80. Kila ubeti una mishororo minne. Mitatu ya kwanza ina kina chake, na wa nne unarudia kina kimoja kinachopita utenzi mzima, kama kengele moja inayogongwa mwisho wa kila sala. Jina lake latokana na neno la Kiarabu la kufunua. Wafasiri walilipa majina mbalimbali: Taylor aliuita kioo cha dunia, Hichens katika toleo lake la 1939 aliuita kuamka kwa nafsi, naye Allen mwaka 1977 aliuita katekisimu ya nafsi. Jina hilo la tatu litamchekesha kidogo Mlutheri. Katika Katekisimu Ndogo swali huulizwa na jibu hufuata papo hapo, fupi na la hakika, hata mtoto alikariri. Hapa mshairi anauuliza moyo wake maswali mazito, na msomaji anayetafuta mahali ambapo moyo unatulia na kujibu kwa uhakika wa mtoto yule wa kipaimara atarudi mikono mitupu.

Mpango wa utenzi ni huu. Baada ya kumhimidi Mungu na kumsalia Mtume, mshairi anaugeukia moyo wake na kuukemea kwa sababu umeipenda dunia. Anaifananisha dunia na bahari yenye mawimbi, na mazigazi ambayo mwenye kiu huyakimbilia asipate maji. Kisha anauleta moyo mbele ya ushahidi: matajiri wa mji wake mwenyewe. Anaonyesha nyumba zao zikiwaka taa, vyombo vyao vya thamani, vitanda vyao, mwendo wao wa maringo. Halafu anaonyesha nyumba zile zile zilivyo sasa, popo wakining'inia, wadudu wakilia kumbini, ndege wa mwituni wakilala katika vidaka vilivyowekwa kauri. Anawauliza waliokuwamo wako wapi: wakubwa, wanazuoni, mabibi wa nyumba. Mwishoni anaugeuza moyo uitazame Siku ya Kiyama na moto, akitaja majina ya Jehanamu, na utenzi unaishia karibu na hapo.

Wengi wamelinganisha utenzi huu na kitabu cha Mhubiri, na ulinganisho huo una haki yake. Lakini mimi naona kwamba unatufundisha zaidi tukiuweka karibu na maombolezo ya miji. Katika Ezekieli 27 tunayo orodha ya bidhaa za Tiro, mji uliojengwa kisiwani, wenye merikebu, kitani, pembe na wachuuzi wa kila taifa. Kisha merikebu hiyo nzuri inazama. Katika Isaya 13 na 34 tunao wanyama na ndege wa nyikani wakikaa katika majumba ya wafalme. Katika Ufunuo 18 wafanya biashara wanalia kwa sababu hakuna tena wa kununua mali yao. Picha hizi ni ndugu wa picha za Al-Inkishafi. Tofauti ni moja, nayo ni kubwa: Ezekieli anaiombolezea Tiro, ambao si mji wake. Isaya anatangaza juu ya Babeli na Edomu. Yohana anaiona Babeli akiwa upande wa wale waliouawa nayo. Wote watatu wanasimama nje ya ukuta.

Sayyid Abdalla amesimama ndani. Miongoni mwa waliopotea anamtaja Ali bin Nasir, na jina hilo ndilo lililomo katika nasaba yake mwenyewe. Vidaka vinavyokaliwa na ndege ni vidaka vya jamaa yake. Alikuwa na kila sababu ya kutafuta mtu wa kumlaumu: Wareno walikuwapo, Waomani walikuwapo, watu wa Lamu walikuwapo. Hawalaumu. Naye hasemi, kama wahubiri wengi wa magofu wasemavyo, kwamba Mungu amewaadhibu watu wabaya wa mji ule. Anaushika moyo wake mwenyewe, akauvuta mpaka kizingiti cha nyumba ya jamaa yake, akauambia utazame. Katika miaka yangu ya kusikiliza mahubiri ya wanafunzi darasani nimesikia Sheria ikihubiriwa kwa ukali mwingi juu ya vijana, juu ya walevi, juu ya wanasiasa na juu ya madhehebu mengine. Sheria inayohubiriwa na mhubiri juu ya moyo wake, mbele ya watu, na kwa kutaja jina la nyumba yake, ni kitu adimu. Kwa sababu hiyo sioni faida ya kukimbilia kusema kwamba hapa tuna Sheria pasipo Injili. Ni kweli hatuna Injili. Asingekuwa Mwislamu wa karne ya 18 kama angeihubiri. Lakini mtu anayelitumia jambo hilo ili kuufunga utenzi na kuurudisha rafuni amejikinga na maneno yaliyoelekezwa kwake pia.

Swali langu kwa Al-Inkishafi ni jingine. Mshairi anaiona nyumba vizuri sana, lakini anaiona kutoka sebuleni. Matumbawe hayo yalivunjwa baharini na mikono ya nani? Nani aliichoma ile chokaa, nani aliyajaza mafuta katika zile taa, nani aliyaosha yale mabakuli ya kauri na kuyarudisha katika vidaka? Miji hii ilikuwa na watumwa. Wako wapi wao? Orodha ya waliopotea katika utenzi ni orodha ya wakubwa. Ni haki kusema kwamba katika sehemu ya Kiyama mshairi anamleta aliyedhulumiwa, akidai haki yake mbele ya Mungu, mahali ambapo mdhalimu hana tena fedha ya kulipa. Ni sehemu yenye uzito. Hata hivyo mdhulumiwa huyo hana jina wala kazi, naye hatoki katika nyumba zile tulizokwisha kuonyeshwa. Madhulumu yuko mwisho wa dunia. Nyumba ziko Pate. Hakuna mlango kati yao.

Hapa nabii Yeremia anaona kitu ambacho sharifu wa Pate hakukiona. Katika sura ya 22 ole inatamkwa juu ya mfalme anayejenga nyumba yake kwa dhuluma, akimtumikisha mwenziwe bila ujira, akitoboa madirisha na kupamba kwa mierezi. Yeremia naye anazo nyumba nzuri, naye anajua zitaanguka. Lakini kwake nyumba inaanguka kwa sababu ya ujira usiolipwa, na si kwa kuwa dunia kwa asili yake ni mazigazi. Tofauti hiyo yapasa kumhangaisha mhubiri anayeupenda utenzi huu kama niupendavyo. Mahubiri ya ubatili wa dunia huweza kusemwa mbele ya tajiri na mtumwa wake wakiwa wameketi pamoja, na kila mmoja akaenda zake bila kitu kubadilika kati yao. Yeremia hakuruhusu hilo.

Mwana Kupona

Niliposema kwamba kioo hakionyeshi kilicho chumba cha pili, nilikuwa nauwaza utenzi wa tatu, kwa maana huu ndio umetoka huko.

Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu. Huyu Bwana Mataka ni mtu wa historia: mwaka 1845 jeshi la Sayyid Said wa Zanzibar lilishindwa vibaya karibu na Siyu na amiri wake akauawa. Bwana Mataka alifariki mwaka 1856. Miaka miwili baadaye, mwaka 1858, mjane wake, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake Mwana Hashima utenzi wa wasia. Katika miaka ya 1860, wakati wa Sayyid Majid, Siyu nayo iliingia mikononi mwa Zanzibar.

Hakuna vita katika utenzi huu. Mwanamke aliyeishi na mkuu wa vita anamweleza binti yake namna ya kushika dini, kuwa na adabu, kuitunza nyumba na kumtunza mume. Anamfundisha kwamba mwanadamu anahitaji radhi tano: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama na ya mume. Wapo wanaousoma kama hati ya utumwa wa mke, na wapo wanaosema kwamba chini ya utii huo kuna tabasamu la mwanamke anayejua jinsi mume anavyoongozwa kama mtoto. Siamini kwamba lazima tuchague. Lililo wazi ni kwamba mwanamke wa Siyu alijua kutunga, na kwamba alitaka wanawake wengine wausome. Wachungaji wanaohubiri Mithali 31 katika harusi mara nyingi husahau mstari wa kwanza wa sura hiyo, usemao kwamba maneno yale mfalme alifundishwa na mama yake. Hapa tunaye mama mwingine anayefundisha, na safari hii mwanafunzi ni binti.

Lakini kwa kusudi la makala haya, jambo moja dogo lina uzito kuliko yote. Mwana Kupona anamwonya binti yake asichanganyike na watumwa isipokuwa wakati wa kazi. Ni onyo la kupita, lisilo na hasira, kama mama anavyosema usiache mlango wazi. Na kwa onyo hilo moja ile nyumba ya Al-Inkishafi inapata watu wake wengine. Sasa tunajua nani aliyewasha taa. Hatumjui kwa jina, wala Mwana Kupona hamwonei huruma. Anamtaja kwa kuwa anamwona kila siku, na kwa kuwa amani ya nyumba yake inategemea kujua mpaka uko wapi. Sharifu aliyeulilia mji hakuwa na haja ya kumtaja. Bibi wa nyumba alikuwa nayo. Kama historia ya kisiwa imo katika ushairi wake, basi imo namna hii: kwa vipande, katika vyumba mbalimbali, na kipande kinachokosekana katika utenzi mkubwa chaweza kuokotwa jikoni, ndani ya utenzi ambao wengi wameuona kuwa ni wa mambo madogo ya wanawake.

Sauti ya tatu, ya mtumwa mwenyewe, haimo katika tenzi hizi. Wakatoliki, Waanglikana na Walutheri tulipofungua shule zetu za kwanza pwani na bara, wengi wa waliokaa madawatini walikuwa wana wa watu hao au watu hao wenyewe waliokombolewa. Kama kuna mahali ambapo nyimbo zao na masimulizi yao yangeweza kuandikwa, palikuwa ni kwetu. Tuliwafundisha kuimba tenzi za Kijerumani na Kiingereza zilizotafsiriwa, na waliziimba vizuri. Kiasi gani cha nyimbo zao wenyewe kimo katika hifadhi za sharika na misheni zetu ni swali ambalo mwanafunzi mmoja wa shahada, mwenye subira na asiyeogopa vumbi, angeweza kulishughulikia.

Kwa wanaotaka kuzisoma tenzi hizi nashauri wasianze na Tambuka, kwa kuwa urefu wake utawavunja moyo. Waanze na Mwana Kupona, ambaye lugha yake ni nyepesi kuliko ya wenzake, katika toleo la Werner na Hichens la 1934 au katika mkusanyo wowote wenye maelezo ya lahaja. Kisha waingie katika Al-Inkishafi, polepole, beti tano kwa siku zatosha, wakiwa na Yeremia 22 wazi kando yake. Wasome kwa sauti. Kile kina kinachorudi mwisho wa kila ubeti hakisikiki kwa macho.